ORS inazidisha kuharisha, au tunaichanganya vibaya?

MwaloBuliisa:
Habari za jioni. Tangu mvua ianze, watoto hapa mwaloni wanaharisha maji matupu. Mmoja wa miaka 3 leo anatoa kamasi lenye damu. Duka la dawa linawapa wote Flagyl. ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, akina mama wameikataa, wanasema inazidisha. Tunatia pakiti nzima kwenye chupa ya nusu lita. Tunakosea wapi?

Musawo_Hoima:
Kwenye chupa. Pakiti ya gramu 20.5 ni ya lita 1 kamili, yaani chupa mbili kama hizo. Ukiitia kwenye nusu lita, chumvi na sukari vinazidi na kuvuta maji ya mwili yaingie utumboni. Akina mama hawajakosea walichokiona! Hatari zaidi, chumvi inapanda kwenye damu.

Kila akiharisha, wa chini ya miaka 2 anywe ml 50–100, wa miaka 2 hadi 10 ml 100–200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha kijiko kimoja kimoja. Inayobaki baada ya saa 24 imwagwe. Ongeza zinki mg 20 kwa siku, siku 10–14; chini ya miezi 6 ni mg 10.

Mfamasia_Masindi:
Flagyl inaua amiba na giadia. Shigela, bakteria ambaye ni mshukiwa wa kwanza mtoto akitoa damu, Flagyl haimwezi, wala vimelea vya kipindupindu. Huyo wa damu apelekwe kituo cha afya leo. Kwa kawaida hupewa antibiotiki ya sipro (ciprofloxacin) siku 3, kipimo kwa uzito. Wa maji matupu wengi hawahitaji antibiotiki yoyote. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, mtoto asipewe kabisa.

MwaloBuliisa:
Asante musawo, asanteni wote. Na pakiti zikiisha?

Musawo_Hoima:
Maji lita 1 yaliyochemka na kupoa, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Onja: ikizidi chumvi ya machozi, mwaga. Haina potasiamu, kwa hiyo ni ya kuvushia tu mpaka mpate pakiti.

Choo kikiwa kama maji ya kuoshea mchele, au macho yamezama, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, msingoje asubuhi. Anywe ORS njia nzima, na VHT wenu (mhudumu wa afya wa kijiji) aarifiwe: kipindupindu hakikai nyumba moja. Maji ya ziwa yachemsheni, myachote kwa kikombe chenye mpini, mkono usiingie mtungini.