Mnaotuuzia majigi ya kukatia droo, mnatutia hasara mafundi wa mikoani

Wakuu habari za usiku. Naandika vumbi la mtiki likiwa bado puani na hasira ziko hapa kooni, nikiteleza mnivumilie.

Mimi seremala, nipo Ngamiani hapa Tanga. Mwezi uliopita mama mmoja kaja na kazi ya kabati la droo sita, la binti yake anayeolewa. Kanionesha picha kwenye simu: pembe za droo zimeumana kwa meno, yale ya mkia wa njiwa. "Fundi, misumari sitaki." Nikamwelewa. Droo ya misumari ukiijaza vitenge, vuta nikuvute za miezi miwili tu uso unabaki nao mkononi. Meno haya yametanuka kichwani, kwa hiyo ukivuta hayachomoki hata gundi ikichoka.

Kwa mkono ninayakata, mzee wangu alinifunza kwa msumeno na patasi. Ila droo sita ni pembe 24, na harusi haisubiri fundi. Nikaagiza jigi, kile kifaa chenye vidole kinachoongoza mashine ikate meno hayo, kwenye duka moja la Dar (silitaji, sitaki kesi), laki mbili na themanini, likapanda basi mpaka Kange. Muuzaji kaniapia kila kitu kimo, ni kufungua boksi na kupiga kazi.

Nafungua boksi: jigi, biti moja (kile kisu kinachozunguka na kukata), na karatasi ya maelezo yenye herufi kama mayai ya chawa. Bushi hakuna. Kwa asiyejua, bushi ni kile kipete kinachofungwa chini ya ruta, ile mashine ya umeme ya kuchonga mbao, ndicho kinachofuata vidole vya jigi. Bila bushi, biti inatafuna vidole vyenyewe. Ni sawa na kuuziwa baiskeli isiyo na mnyororo.

Nampigia, ananiambia nunua tu bushi yoyote. Yoyote! Jigi la namna hii, ambalo meno yake yanapishana milimita 22.2, linataka biti yenye kichwa cha nusu inchi, ya nyuzi 14, na bushi ya milimita 11.1 kwa nje. Ukiweka nyingine, meno hayakutani.

Nikahangaika mjini siku mbili nikaipata. Sasa njoo kwenye biti waliyonitumia: shina lake lenyewe nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, tundu la bushi halifiki hata 11. Inapitaje hapo? Aliyefunga lile boksi hajawahi kushika ruta maishani mwake.

Nikarudi kulalamika, wakanitumia biti nyingine, na nauli ya basi nikalipa mimi. Hii ndiyo iliyoniumiza. Shina lake milimita 6, koleti ya ruta yangu, ule mdomo unaobana shina la biti, ni ya robo inchi, yaani 6.35. Kwa macho huoni tofauti, nikakaza mpaka spana ikalia. Nimepanga mbao kama inavyotakiwa: uso wa droo umelala juu, ubavu umesimama mbele yake, pande za ndani zinatazama nje, ubavu umesogezwa nusu ya hatua (hatua ni umbali wa jino hadi jino) ili zote mbili zikatwe kwa mkupuo mmoja. Meno matatu ya kwanza, safi kabisa. La nne nasikia sauti ya mashine imebadilika. Biti inateleza kwenye koleti, inashuka yenyewe huku inakata!

Na jigi hili lina tabia yake: biti ikizama zaidi kiungo kinabana, ikipanda kinalegea. Nusu milimita tu inatosha kuharibu. Upande mmoja wa droo ukaingia kwa kiganja, upande wa pili nikagonga nyundo mpaka ubao ukapasuka. Mtiki wa Longuza huo jamani, si msonobari wa kupigia zege. Vipande vinne vimekwenda. Na ile biti ingechomoka kabisa kwenye mwendo ule, sasa hivi uzi huu angekuwa anauandika mke wangu.

Kosa langu nalikubali, kabla hamjaanza: droo nilizikata milimita 150 kwenda juu. Kwa hatua ya 22.2 ilitakiwa 155 na ushee, hatua saba kamili, ndipo juu na chini zibaki nusu-nusu zinazolingana. Mimi nimebakiwa na kijino chembamba kama kijiti cha mshikaki. Lakini hilo nalo si lilitakiwa liandikwe kwenye karatasi yao?

Nimemaliza kwa msumeno na patasi, usiku tatu, umeme ukikatika nawasha tochi ya simu. Kabati limekwenda jana.

Leo asubuhi nimeomba nirudishiwe hela yangu. Jibu lao: bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi, halafu chini yake, "boss, hiyo ni mashine ya mafundi wazoefu." Miaka 18 nimeshika randa wakuu. Miaka 18!