Mliozaliwa au kuolewa nyumba ya mvuvi, mwezi ukitoka mnaishije? Tupeane uzoefu

Mama Wawili

Habari za saa hizi wadau. Jana mwanangu wa darasa la tatu kaulizwa na mwalimu baba yako anafanya kazi gani, akajibu "baba analala". Darasa zima likacheka, karudi nyumbani kanuna hata uji hataki. Sikumlaumu, maana yeye baba yake anamuona siku za mbalamwezi tu, na siku za mwezi kweli mzee analala, anaamka anakula, anaenda kushona nyavu kidogo na wenzie chini ya mwembe, anarudi analala tena.

Kwa msiojua, dagaa wa Ziwa Victoria anavuliwa usiku kwa taa. Taa zinaelea juu ya maji, wadudu wanajaa pale, dagaa wanafuata, nyavu inazungushwa. Sasa mwezi ukishajaa ziwa zima ni taa, dagaa ahangaike na ya kwako kwa lipi? Mitumbwi inapandishwa mchangani, vijana wanarudi kwao, na hapo ndo wiki na siku zake haiingii hata mia. Halafu mwezi unaanza kuchelewa, kila siku unatoka kama dakika hamsini nyuma ya jana, basi wanawahi lile giza la jioni kabla haujachomoza. Mimi kalenda ya ukutani nilishaacha kuisoma, naangalia juu.

Na hela yenyewe haiji kidogo kidogo kama mshahara. Mahesabu yanapigwa giza likiisha. Kwanza inatoka petroli, inatoka chakula cha kambi, inatoka ushuru, ndo kinachobaki wanagawana chombo na vijana. Huku mwenye mtumbwi anaitwa tajiri hata kama anadaiwa na duka zima, mume wangu ni tajiri wa mitumbwi miwili na injini ya mmoja bado tunalipia mkopo hahaha. Ikitoka hela inatoka ya kueleweka, mtaa mzima wanajua, shemeji wanakumbuka namba yako, mara harusi, mara mtu kafiwa, baada ya siku kumi unaandikisha sukari kwenye daftari la dukani.

Mbinu yangu ni moja, siku ya mahesabu nakuwepo. Nafunga safari mpaka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, sisemi kitu, nakaa pembeni na mkoba. Nikishika changu nanunua mchele gunia na mafuta dumu, nalipa daftari, ndo nampa pole na kazi. Mwaka wa kwanza wa ndoa niliona aibu kwenda, tulikula dagaa kwa ugali siku kumi na mbili mfululizo na hao dagaa wenyewe ni wale walionyeshewa na mvua, wa kuuziwa wenye kuku.

Nyie wenzangu mnapangaje? Hasa ada, maana Januari haiulizi mwezi uko wapi.

kisiwa_damu

"Baba analala" nimecheka mpaka bosi kaniangalia. Mimi nilijua baba wote duniani wananuka samaki mpaka nilipopelekwa bweni.

Mzawa wa Ukerewe

Umenikumbusha mbali mama. Sisi tumekua enzi za karabai, miaka ya tisini, taa za sola na betri hazijaingia. Kazi ya watoto ikifika saa kumi jioni ni karabai: kufuta kioo, kujaza mafuta ya taa, kupiga pampu, na kufunga kile kisoksi. Kisoksi kipya ni kitambaa tu, ukishakichoma mara ya kwanza kinabaki jivu lenye umbo, ukikigusa na kidole kimekwisha. Niliwahi kukipuliza nione kitafanya nini. Ndo kilikuwa cha mwisho na duka liko ng'ambo, mzee usiku ule alitoka na taa moja pungufu. Hakunipiga. Asubuhi aliporudi na karai moja tu la dagaa alilitua mbele yangu akasema hesabu na cha kwako, akaingia ndani. Afadhali angenipiga.

Halafu kuna hili watu wa mjini hawalijui. Baadaye mzee alihamia kwenye makila, zile nyavu za kutega sangara, viwanda vya minofu vimeshamiri Mwanza, bei nzuri. Mnadhani tulikula sangara? Sangara alikuwa anapanda kwenye boti la barafu mzima mzima, sisi mama alikuwa akienda mjini anarudi na mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki kiwandani wakishachukua nyama, tunakaanga na kugugunia. Mtoto wa mvuvi wa sangara anakula mgongo wa sangara aliouvua baba yake, tena kwa kununua.

Bi Kojani

Assalaam alaykum. Mie ni Mpemba, mume wangu Mkojani, na mwenye kuwajua Wakojani anajua khabari ya dago. Kwetu kisiwa kidogo nyumba zimebanana, na wanaume hawavui hapo mlangoni, wanakwenda dago Mafia, Kilwa, Tanga mpaka Kenya huko, wanapiga kambi wanavua kwa nyavu za mtando miezi. Mwanamume akionekana kisiwani muda mrefu watu wanakuuliza, vipi mwenzio, anaumwa?

Kwa hiyo mie maisha yangu ya ndoa ni mie na mama mkwe. Nasema kweli, mume nimeolewa naye lakini aliyenijua ni mama yake. Yeye ndiye alonifundisha ukipata hela ya dago usinunue kitu kinacholiwa tu, nunua bati mbili, mwezi mwengine mfuko wa saruji, viweke chini ya kitanda hata kama nyumba hujui utajenga lini. Nyumba ninayokaa ilianzia chini ya kitanda.

La pili sitaki kulificha kwa sababu mmesema tupeane uzoefu. Mwaka mmoja katuma mzigo wa ng'onda, samaki wakavu, kwa mkono wa mtu, umefungwa vizuri kwa kipande cha kanga kipya. Kanga ni doti, vipande viwili. Nikakaa na kile kipande mapajani nikajiuliza, haya, cha pili kakivaa nani? Nikamwonesha mama mkwe, akakitazama, akasema ng'onda tuwaloweke. Nikajua na yeye alishawahi kuletewa. Aliporudi nikampikia, alipomaliza kula nikamtandikia kile kipande badala ya mkeka wa kuswalia. Akaeleza mwenyewe bila kuulizwa. Yupo mwenzangu huko Mafia, tunasalimiana kwa simu, na siku hizi hela ikichelewa namuuliza yeye kwanza kama bahari ilikuwa nzuri.

DerevaWaNoah

Jamani msitufiche, wavuvi hela mnazimalizia baa. Mimi napeleka abiria mialoni, siku ya mahesabu muziki unasikika kabla hujaona ziwa. Wake zenu mnawaachia mchanga.

Nyavu 15

@DerevaWaNoah sikatai kaka, ila na wewe siku hiyo nauli unapandisha. Mimi ni mvuvi, siyo tajiri, ni kijana wa mtumbwi. Acha nikueleze inavyokuwa, siyo kujitetea. Unakaa kambini wiki tatu, usiku unavuta kamba kwenye baridi na maji mpaka kiunoni kwenye mtumbwi unakumba, mchana jua, unalala kwenye banda la makuti na turubai. Hujui jana ni lini. Ukishikishwa hela yote kwa mkupuo mwili unakwambia leo leo, hujui kesho upepo una nini. Nilikunywa ya mwaka mzima ndani ya siku mbili, nimeamka na viatu vya mtu.

Kilichonibadilisha ni mtoto. Mke wangu alijifungua mimi niko ndani ya maji, kisiwa chetu kilikuwa mtandao hakuna mpaka upande juu ya jiwe. Habari nililetewa na vijana wa mtumbwi wa kukusanya dagaa, wamekaribia wanapiga kelele MTOTO WA KIKEE, mimi nikasikia MTUMBWI UMETITIAA, nikaanza kukagua chini kama maji yanaingia. Wote walicheka hadi nyavu ikawaponyoka. Siku tatu ndo namuona.

Toka hapo hela nikipewa sitoki mwaloni nayo, kuna wakala wa simu pale pale, natuma yote kwa mke nabakisha ya nauli na soda. Nikirudi nyumbani naomba. Wenzangu wananiita housegirl. Sawa tu, huyo housegirl ana kiwanja.

Mama Wawili

@Bi Kojani hapo kwenye kanga nimesimamisha jiko. Mkeka wa kuswalia!! Na hilo la bati chini ya kitanda naanza mwezi huu.

mgebuka_mkavu

Nyie mna wiki moja ya mwezi, njooni Kigoma. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane, na jirani zetu Burundi, Kongo na Zambia hivyo hivyo. Sipingi, dagaa walishapungua kila mtu anaona, mgebuka wa kujaza sahani umekuwa mgeni. Ila muulizeni mke wangu miezi mitatu na mume ndani.

Mimi nimevua tangu kijana, usiku silali, nimeshazoea. Wiki ya kwanza saa nane za usiku macho kodo, nainuka napanga viatu vya watoto. Wiki ya pili nikaanza kukagua jikoni, kwa nini mawese yanaisha haraka, kwa nini mkaa unawashwa mapema. Mke akavumilia, siku moja akaniambia kwa upole kabisa, baba nanii, kwani hakuna hata mtumbwi wa kupaka rangi? Nikaenda kukaa mwaloni Kibirizi kutwa nzima tunacheza bao na wenzangu waliofukuzwa kama mimi.

Kilichotushikilia ni yeye. Kabla ya kufunga alinunua dagaa wakavu magunia, akawatunza, ziwa lilipofungwa bei ikapanda, akawa anauza kisado kisado. Mimi nilikodi shamba la mihogo nikajua sina mgongo wa jembe. Ajabu ni kuwa kijana wangu wa form two mwaka ule ndo alifaulu vizuri, maana nilikuwa namkalia usiku yeye anasoma mimi sina usingizi. Hisabati zake sizijui, namkalia tu.

Mama Karanga wa Kilifi

Salamu kutoka Kenya. Mie mume wangu ni nahodha na mie ni mama karanga, ndivyo twaitwa huku sisi tunaokaanga samaki tukauza jioni. Sasa kwetu shida ni nyingine, nalala na muuzaji wangu. Asubuhi chombo kikiingia nasimama foleni na wanawake wenzangu na beseni, na yule mume wangu ananiuzia tasi na vibua kwa bei ya watu! Mwanzo nililia. Nikamwambia hata punguzo? Akanijibu samaki si wake peke yake, kuna mwenye chombo na mabaharia, akinipunguzia mimi awapunguzia wao mafungu yao.

Nikaona sawa. Basi na mie jioni akija kula nyumbani namtolea samaki waliobaki, akitaka yule mkubwa wa sinia namwambia huyo ni wa biashara, lipa. Alilipa!! Watoto walishangaa. Tumeishi hivyo miaka kumi na moja na ada inatoka kwenye sufuria langu, kusi likivuma hawaendi baharini hata wiki na mie nakaanga viazi karai.

kisiwa_damu

Mama Karanga umemuuzia mume wako samaki aliyekuuzia, faida ilikuwa ya nani? Naomba hesabu.

Mama Karanga wa Kilifi

@kisiwa_damu yangu. Yeye alikula.

Binti wa Kirumba

Mimi niseme upande wa hofu maana mmecheka sana. Nyumbani kwetu mama akisikia upepo usiku anafungua mlango. Anasimama tu mlangoni na kitenge, hasemi. Sisi watoto tulijifunza kujifanya tumelala. Siku hizi utabiri wa hali ya hewa unatoka, kaka zangu wanautumiwa kwenye simu na wana majaketi, lakini mama bado anafungua mlango. Baba alishaacha kuvua miaka sita iliyopita, yumo humo humo ndani anakoroma, upepo ukipiga mama anainuka anafungua.

Mzawa wa Ukerewe

@Binti wa Kirumba wa kwetu alikuwa anatoa kigoda nje kabisa. Pole.

DerevaWaNoah

Basi nimenyamaza. @Mama Wawili mwalimu umemjibuje lakini?

Mama Wawili

Mtoto nimemfundisha aseme vizuri, baba yangu ni mvuvi wa dagaa. Kakariri. Baadaye akaja jikoni akaniuliza, je mwalimu akisema mlete? Ijumaa kuna kikao cha wazazi na anataka baba aende, wamuone akiwa macho. Nikatoka nje. Jana mwezi ulitoka saa tatu usiku, leo unazidi kuchelewa, na mzee tangu mchana anachaji taa. Ijumaa atakuwa katikati ya maji.

Nimemwambia nitaenda mimi. Kaniuliza kwa hiyo baba anaamka lini? Yupo nje na baba yake sasa hivi anamshikia nyaya za betri, sijui wanaongea nini huko.