Wakuu, naomba ushauri: kizazi cha 5 cha ndege vita tunakipimaje?

Wakuu, habari za muda huu. Kuna ubishi kijiweni kwetu hauishi, naomba wajuzi wa ndege vita mnisaidie.

Jamaa mmoja kashikilia kwamba kizazi cha 5 lazima ndege ijifiche kwenye rada, ibebe silaha tumboni, na ipite kasi ya sauti kwa muda mrefu bila kuwasha moto wa ziada nyuma ya injini. Sawa, F-22 ya Marekani inayo yote hayo. Lakini F-35, nayo ya Marekani, hicho cha mwisho kinaisumbua, na hakuna anayethubutu kuishusha daraja! Yenyewe inabebwa na vihisio, yaani vifaa vya kunasa kilicho nje ya ndege: rubani anaangalia chini, kofia yake inamwonyesha kilicho chini ya sakafu ya ndege.

Halafu njooni kwenye Rafale ya Ufaransa. Wanaiita kizazi cha 4.5, silaha zote zinaning'inia nje, ila rada yake ni ya kisasa na mfumo wake wa kuvuruga rada za adui si wa mchezo. Hiyo nusu nani aliipima? Mimi naona ni lugha ya wauzaji tu. Wachina wenyewe zamani walihesabu kivyao, ndege yao J-20 wakaiita kizazi cha 4.

Sasa naomba mniambie, kulinganisha Su-35 ya Urusi, Rafale na F-35 kwa haki nianzie wapi: rada, makombora, au gharama ya kuirusha kwa saa? Su-57, nayo ya Urusi, msiisahau, hiyo ndiyo inaleta ugomvi zaidi.