Mrejesho: yale mafunzo ya vyanzo vya maji, nilikwenda

Jamani, niliwauliza kama niache kibarua cha dukani niende mafunzo ya miezi mitatu, yenye posho, ya vijana wa kufundisha watoto habari za vyanzo vya maji. Mkaniambia niulize kwanza posho hulipwa lini. Ahsanteni sana. Niliuliza, nikaandikiwa. Ya mwezi wa kwanza ilichelewa wiki mbili, nikamkopa dada nauli. Zilizofuata zilifika kwa wakati.

Kazi yenyewe imenigeuza. Siku ya kwanza darasani, huku Likoni, Mombasa, niliuliza maji ya nyumbani yanatoka wapi. Binti mmoja akajibu, "Kwa mwenye mkokoteni." Kwao mfereji haujatoa maji muda mrefu. Tukachora ubaoni: mvua ya vilima vya Chyulu inazama kwenye mawe ya volkeno, inaibuka kwenye chemchemi za Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kisha inasafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa. Maji mengine hutoka chemchemi ya Marere, Shimba Hills, na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Yule binti aliinakili ramani yote, akachora na mkokoteni mwishoni.

Mafunzo yameisha Ijumaa. Mwalimu wao ameniomba nirudi Jumamosi, na nitakwenda hata bila posho.