Naomba ushauri: vijana wa kazini na kumbukumbu ya MV Bukoba

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtumishi wa umma, mkaguzi wa vyombo vya majini Ziwa Victoria. Kilichonivuta kwenye kazi hii ni meli ya MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu. Ilijaza abiria kupita uwezo wake. Ilipinduka, na waokoaji walipoitoboa ili kuwatoa waliokwama ndani, hewa ikatoka, ikazama kabisa. Ndiyo maana sikubali hata abiria mmoja azidi.

Waajiriwa wapya walikuwa hawajazaliwa. Nataka Mei tuwapeleke makaburi ya Igoma, Mwanza, walikozikwa wahanga wengi wa ajali hiyo, ila baadhi ya wenzetu walifiwa na bado inawauma sana. Nianzeje bila kuwatonesha kidonda? Mliowahi kuandaa kumbukumbu kazini, nielekezeni tafadhali.