MJADALA: Mwafrika wa Mostaert aitwe Christophle, au aachwe bila jina?

Mleta mada

Ndugu zangu, salaam.

Kuna picha ndogo Amsterdam, katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, ambayo imenikaa moyoni kwa miaka. Imechorwa juu ya ubao wa sentimita 30.8 kwa 21.2, karibu sawa na karatasi ya A4. Mchoraji ni Jan Mostaert wa Haarlem, aliyeichora kati ya 1525 na 1530 hivi, na jumba liliinunua mwaka 2005. Aliyechorwa ni mwanamume Mwafrika mwenye ndevu, kofia kichwani, glavu mikononi, upanga kiunoni, na mkoba uliotariziwa kwa ustadi.

Katika picha nyingi za Ulaya za zama zile, mtu mweusi ni mmoja wa Mamajusi waliomletea Yesu zawadi, au ni mtumishi pembeni mwa bwana wake. Huyu hapigi magoti wala habebi sinia. Yuko peke yake ubao mzima.

Jina lake halikuandikwa. Mwanahistoria Ernst van den Boogaart alipendekeza kwamba huenda ni Christophle le More, mpiga mishale katika kikosi cha walinzi wa Kaisari Charles V. Ni pendekezo la msomi makini. Lakini siku hizi picha inasambazwa mitandaoni ikiwa na jina hilo, na lile "huenda" limeshadondoka njiani.

Msimamo wangu: tusimpe jina hilo. Tazameni ushahidi wenyewe. Kofia yake ina beji ya Bikira Maria wa Halle, mahali pa hija karibu na Brussels palipopendwa na watu wa kasri. Mostaert naye, mwaka 1518, alipewa cheo cha mchoraji wa heshima wa Margaret wa Austria, shangazi yake Charles, aliyetawala Uholanzi na Ubelgiji za leo kwa niaba yake. Kwa hiyo picha inanusa kasri, na kasrini alikuwepo mtu mweusi tunayemjua jina. Kutoka hapo hadi "basi ndiye" ni kuruka mto bila daraja. Ingekuwa Mzungu aliyechorwa, nani angekubali hoja ya "alikuwepo kasrini na alikuwa mweupe"?

Na tukikosea, tunamfuta mtu wa pili. Huyu wa kwenye ubao alikuwa na maisha yake.

Mchangiaji, Mombasa

Mkuu, nakuheshimu, ila hapa unambana mtu wetu kwa kipimo ambacho wenzetu hawabanwi nacho. Chukua Mona Lisa ya Leonardo da Vinci. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii wa Italia, alitoa jina la Lisa, mke wa Francesco del Giocondo, mwaka 1550, wakati picha iko Ufaransa na hakuna dalili kwamba aliwahi kuiona kwa macho yake. Dunia nzima ikamwita Lisa kwa karne nyingi kwa neno la Vasari. Uthibitisho mzito ulikuja 2005, pale Armin Schlechter, mtaalamu wa maktaba, alipokuta Heidelberg, Ujerumani, maandishi ya Agostino Vespucci, karani wa Florence, ukingoni mwa kitabu cha barua za Cicero. Yana tarehe ya Oktoba 1503, na yanasema Leonardo anachora kichwa cha Lisa del Giocondo.

Bila lile jina la Vasari, nani angejua kwamba maandishi hayo ya ukingoni ni ya thamani? Jina lilitangulia, ushahidi ukafuata. Mtu asiye na jina hakuna anayemtafuta.

Mchangiaji, Brussels

Bandugu, jambo. Mimi wa Lubumbashi, ila ninaishi huku. Halle ni safari fupi tu ya treni kutoka Brussels, na basilika bado iko. Sanamu ya Maria wa pale ni nyeusi, watu wanamwita Bikira Mweusi. Nilipoona beji kwenye kofia, nilisema moyoni: huyu baba alijua alichovaa.

Mleta mada

Kaka wa Brussels, hilo limenigusa, nakiri. Lakini beji za hija zilinunuliwa na mahujaji wa kila rangi, na hatuna neno lake mwenyewe la kutuambia kwa nini aliivaa. Beji inatuambia kwamba alifika Halle, au angalau alitaka watu waamini hivyo. Jina haitupi.

Wa Mombasa, hoja yako ya Lisa ni nzito kuliko yangu yote. Tofauti ninayoiona ni moja. Vasari alikuwa anaizungumzia picha hiyo hiyo. Christophle anatoka kwenye kumbukumbu za kasri ambazo hazisemi lolote kuhusu picha. Anayewaunganisha ni sisi.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Naomba niulize jambo ambalo naona linarukwa. "Le More" maana yake ni nini? Ni "Mmuri", yaani mtu mweusi tu. Na Christophle ni jina la ubatizo. Kwa hiyo hata hili jina tunalogombania, nusu yake ni rangi yake na nusu ni la kanisa. Jina alilopewa na mama yake halimo.

Sisi watu wa pwani tunalielewa hili. Kina Feruzi na Mabruki wangapi walipewa majina hayo na mabwana? Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewaongoza wapelelezi Waingereza kina Burton na Speke, alizunguka nusu ya bara akibeba jina la mji wa India alikopelekwa. Na bado, kwa jina hilo hilo tunaweza kumfuata. Ndiyo maana nasita kulitupa la Christophle.

Mchangiaji, Nairobi

Mnisamehe, ila kuna anayetufaa zaidi: Katharina. Mchoraji Mjerumani Dürer alimchora Antwerp mwaka 1521. Alikuwa mtumishi katika nyumba ya João Brandão, wakala wa Ureno, na Dürer akaandika juu ya karatasi jina lake na umri wake, miaka 20. Mchoro uko jumba la makumbusho la Uffizi, Florence. Yeye ana jina, lakini macho ameyainamisha. Wa Mostaert ana upanga na hana jina. Mimi ningependa wachapishwe pamoja, ukurasa mmoja, watu waone.

Mleta mada

Dada wa Nairobi, Katharina ndiye hasa aliyekuwa akilini mwangu nilipofungua mada. Miaka ileile, nchi zilezile, alikuwepo mwingine wetu. Na wako wasomi wanaoona mkoba na mavazi ya huyu mwanamume yanaelekeza Hispania au Ureno, na hapo anaweza kuwa mtu wa msafara wowote uliopita kasrini.

Nimelegeza kidogo, kwa sababu ya Lisa. Kibandiko ukutani kiseme: "Mwanamume wa Kiafrika, jina halijathibitishwa", na chini yake kitaje pendekezo la Christophle pamoja na sababu zake. Hesabu nyingi za watawala wa Burgundy, ukoo wa Charles na Margaret, zimehifadhiwa Lille, Ufaransa, kwa Kifaransa cha kale. Wapo wana wa Bukavu, Goma na Bujumbura wanaosoma historia vyuo vikuu vya huko. Mmoja wao akiamua kupitia kurasa hizo akitafuta malipo kwa mchoraji, nitamshukuru sana.

Mchangiaji, Mombasa

"Huenda" naikubali. Ila mpangilio wako siukubali. Jina litangulie, halafu shaka. Mtoto akisimama mbele ya ubao ule, neno la kwanza analosoma liwe la mtu.