Nani alimtuma apandishe hita hadi 200 °C kwenye alumini yangu?

Wanajukwaa, heshima kwenu. Sitamtaja, maana kila aliyewahi kupanga foleni ya chumba cha ombwe (kile kinachoondolewa hewa, metali ikavukizwa ndani yake ili ipake kioo utando mwembamba) anamfahamu. Niliiacha pampu ikivuta hewa, na niliporudi nikakuta bwana huyo amepasha bamba, yaani kioo chenyewe kinachopakwa, hadi 200 °C, "ili utando ushike vizuri", amevukiza alumini yeye mwenyewe, na kioo changu cha darubini kimekuwa cheupe kama tui la nazi. Kisha, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akanishika bega na kuniambia: "Kifute kwa kitambaa, kitang'aa."

Kifute kwa kitambaa! Alumini huyeyuka kwa 660 °C, yaani kelvini 933, nazo 200 °C ni kelvini 473, zaidi ya nusu ya kiwango hicho. Tangu 1969 watafiti Movchan na Demchishin walikwisha kuyagawa maumbo ya tando kwa uwiano huohuo, wa joto la bamba kwa joto la kuyeyuka. Atomi zikitua mahali pa moto hutembea, hukusanyana na kukuza fuwele kubwa zenye vilima, na mwanga uliopaswa kuakisiwa upande mmoja hutawanyika kila upande, hasa ule wa urujuanimno, usioonekana kwa macho. Vilima hivyo nitavifuta kwa kitambaa gani, cha kanga au cha kitenge?

MzeeWaPampu: Pole, mkuu, lakini uliachaje chumba bila mlinzi? Mtu huyo hata birika la chai hulipasha mpaka lilie.

BintiOmbwe: Bora wewe. Fedha yangu (ile metali), utando wa unene wa nanomita 10, aliipasha, ikajikusanya kuwa visiwa vinavyonyonya mwanga wa buluu, na ilipoonekana ya njano kwenye mwanga unaopenya, akasema imepata kutu.

Mchokozi: Mleta uzi atueleze kwanza kama bamba alilisafisha.

Mleta uzi: Mbele ya wanafunzi, ndugu yangu! Kwa kitambaa!

MzeeWaPampu: Hita ina nafuu. Wanaonikera mimi ni wale wanaovukiza alumini polepole katika ombwe bovu, oksijeni ikachanganyika na utando, kisha wanashangaa kwamba urujuanimno hauakisiwi.

BintiOmbwe: Na waliomaliza waya za tungsteni, zile za kuyeyushia alumini, bila kuagiza nyingine, nao wafunguliwe uzi wao.

Mchokozi: Alumini iliyoyeyuka huila tungsteni yenyewe, dada, kwa hiyo usiwasingizie watu.

BintiOmbwe: Basi hiyo alumini ndiyo iende ikaagize.